Dirisha la Waranti

Ukifika, vuta mlango kwa nguvu. Upepo wa Nebraska
huushika kwa upande wa pili, kama mdeni asiyetaka kufungua.
Usipande ghorofani. Huko ni kwa hakimu, naye huja Alhamisi tu,
akihudumia kaunti tatu kwa gari moja lenye kioo kilichopasuka.
Teremka, ipite radieta inayogongagonga,
zipite picha za vijana waliokwenda vitani,
hadi dirishani kwangu. Mimi ni Ludmila.
Gonga kengele mara moja.

Orodha ni ya umma. Sitakuuliza unaitakia nini,
ingawa nitajua: kaunti nzima ina watu mia nane na kumi na mmoja,
na gari lako nimeliona likizunguka uwanja mara mbili
kabla hujapata moyo wa kuegesha.

Anza na jina la ukoo. Liandike lilivyo,
kisha liandike kama karani mlevi angeliandika:
Hruska kwa H, Ruska bila H,
maana babu zetu walishuka treni na herufi nyingi
kuliko mashine ya serikali ilivyoweza kumeza.
Linganisha na tarehe ya kuzaliwa. Tuna akina Emil Vondra watatu:
mmoja shemasi, mmoja bado ananyonya,
mmoja ndiye.
Wahenga walisema lisemwalo lipo.
Hapa dirishani, lisemwalo mara nyingi lilishalipiwa faini tangu Machi.
Na waranti si hukumu. Ni mkono ulionyoshwa hewani,
haujamgusa mtu.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza Arlys Dostal
Jumanne ile ya barafu, ingawa tunajuana tangu darasa la kwanza,
tangu tulipochangia dawati, na chawa.
Alikuja kumchunguza kijana Corbin Tague, fundi wa seng'enge,
aliyeomba kazi na mahali pa kulala bandani.
“Mwanamke wa peke yake,” alisema, “hana budi kupekua.”
Nikamsukumia jalada. Akalamba kidole.

Tague hakuwamo. Msafi kama sahani ya Jumapili.
Lakini hakuna njia ya kwenda T isiyopita D.

*Dostal, Wendell R. Kutofika mahakamani.
Taa ya nyuma ya trela. Dola arobaini na nane.*

Alitakiwa saa tatu asubuhi.
Saa tatu ile sote tulikuwa makaburini,
trekta limemlalia siku nne nyuma, kule kwenye mteremko wa bwawa,
na sherifu mwenyewe kashika pembe ya jeneza.
Kompyuta ya mji mkuu haikuhudhuria mazishi.
Ikatoa waranti.
Nami, miaka sita, kila Jumatatu,
nimelichapa jina hilo bila kulisoma.

Nikasema, lete cheti cha kifo, Arlys, nilifute. Ni bure.
Nikasema na samahani, nadhani. Radieta iligonga.
Yeye alikuwa akisoma kwa sauti, kama anayejifunza irabu:
*akamatwe popote atakapoonekana ndani ya jimbo hili.*
“Bado wanamtafuta?”
“Kwenye karatasi, ndiyo.”
Akapangusa kwa glavu alama ya kidole chake kwenye ukurasa.
“Basi waacheni watafute,” akasema. “Mimi nilidhani nimebaki peke yangu.”

Tague alipewa kazi. Seng'enge imenyooka
kutoka barabara kuu hadi bwawani; nenda ukaione.
Cheti hakijaja. Sheria yaniruhusu kumwandikia barua mara moja,
na barua hiyo imo kwenye droo yangu, chini ya stempu.

Basi ukifika D, pita taratibu.
Tunafunga saa kumi na moja.
Kalamu ina kamba. Usiivute.