Laini Iliyoachwa Wazi

Ofisini Kuopio, Marjukka aliwajua watu kwa vikombe vyao.
Kikombe kisichooshwa tangu Jumatatu: Veijo hapati usingizi.
Chai mahali pa kahawa: Sirkku ana mimba,
na Marjukka alikaa na siri hiyo kifuani wiki sita
hadi mwenyewe alipoisema.
Ijumaa alileta mikate ya iliki, ingali na moto ndani ya taulo,
na hakuna aliyeuliza nani kaioka.

Sasa ofisi ni meza ya jikoni kwake.
Saa tisa alasiri, theluji, kiza kimeshatanda.
Nyuso kumi na moja zimepangwa kiooni kama stempu,
na neno lake la kwanza, "Mmeamkaje?",
linaanguka katikati yao, hapana wa kuliokota.
Sauti zimezimwa. Mtu mmoja anainua kidole gumba.
Kidole gumba!
Anafunga kompyuta, anaigeukia birika:
haya, na wewe je, umeamkaje?

Wiki ya tatu akaoka tena,
kwa mkono uliozoea kupimia watu kumi na wawili.
Akala mmoja. Kumi na mmoja ikamtazama.
Akaifunga kwa karatasi, akapanga foleni posta.
Ilifika imekauka kama magome.
Sirkku akaandika: Nimeuchovya kwenye maziwa.
Nimelia kidogo, usiulize.
Hakuuliza. Vidole vilimwasha mpaka usiku.

Halafu Veijo. Miaka tisa meza ya jirani,
na maneno yake yote yangeenea kwenye bahasha moja.
Alipiga simu saa nne asubuhi.
"Kuna tatizo?"
"Hapana."
Kimya. Maswali yalimjaa Marjukka mdomoni,
akayabana kwa meno kama pini za fundi cherehani.
"Nimezoea kukusikia," Veijo akasema, "ukipekua karatasi."

Basi tangu hapo, ikifika saa nne,
simu inalazwa mezani, laini wazi, hawasemezani.
Yeye husikia kiti cha Veijo kikilalamika,
kijiko, bomba la maji, pua ikipengwa.
Veijo husikia karatasi,
na nyingine, ukweli ni kwamba, Marjukka huzipekua tu.

Leo kikohozi cha Veijo kimebadilika.
Amekisikia mara tatu. Anangoja cha nne,
sikio kwenye simu,
mkono ule mwingine umeshaanza kupima unga.