Sumaku ya Ng'ambo

Sumaku niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu;
huniokotea pini sakafuni jioni, nikifunika cherehani.
Kazi hiyo ilikuwa ya Nyamizi,
kabla chembe nyeupe hazijamfurikia damuni.

Jana, Kitete, Msonda wa maabara
alinichorea nyuma ya cheti:
punje za chuma, vumbi la chaki kwazo ni jabali,
zinabebeshwa dawa, sumaku inazivuta
hadi ndani ya uboho.
"Wangali wanajaribu. Kwa panya. Huko ng'ambo."
Si Ng'ambo yetu hii ya Tabora.
Akafunika kalamu.

Usiku nikapitisha ile yangu
juu ya paja la mwanangu, amelala,
polepole, kama napiga pasi hariri.
Haikuvuta kitu.

Kisha, tiki:
pini niliyoisahau kwenye mshono wa gauni
nililolipunguza juzi,
mara ya tatu.