Barakoa ya Klabu, Kutaisi

Ndani yake mna jasho la watu watatu
na pumzi ya Mamuka, mla vitunguu saumu.
Kocha Nugzari, meno ya mbele ya bandia,
husema: uso uliofunikwa husahau kukwepa.

Kweli. Nikiivaa napigwa kizembe,
ngumi nyepesi naziacha zipite,
kumbe haziendi, zinajumlishwa kichwani.

Jana niliivua.
Mamuka akanitazama pua,
akaurudisha mkono nusu ya safari.
Raundi tatu tuliogopana kwa adabu.

Nyumbani mama, achongaye meno ya watu kwa mshahara,
hakusema kitu. Alinitazama mdomoni.

Leo theluji imeziba dirisha la chini.
Nakaza kamba kisogoni.
Njoo, Mamuka, njoo na mkono mzima.
Nami nakwepa
kama asiye na kitu usoni.