Neno la Tano

Daktari Leonilde ananisomea maneno matano
polepole, kama mtu anayepanga mayai kikapuni:
koti, mto, parachichi, ngazi, manjano.
Niyarudie. Nayarudia.
(Mto, sikuuliza wa maji au wa kulalia.)
"Sasa yatunze, nitakudai baadaye."

Dirishani mvua ya Porto, ile isiyonyesha wala kukoma.
Mezani majibu ya damu yangu,
mwaka wa ishirini na tatu mfululizo:
virusi havionekani.
Nimelipenda neno hilo
kama mdaiwa apendavyo mlango uliofungwa.
Lakini asiyeonekana si aliyehama,
hilo hata paka wa jirani analijua.

Ananipa penseli. Moja iende kwenye A, A iende kwenye mbili,
mbili kwenye B. Mchezo wa watoto.
Kwenye C nasimama
kama aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Saa yake ya mkononi inanihesabia bila kelele.

Kazi yangu ni vigae. Miaka thelathini na moja
nimebandua vigae vya buluu kwenye kuta za makanisa,
nikaviosha chumvi, nikakirudisha kila kimoja mahali pake
bila ramani. Ramani nilikuwa mimi.
Mwezi wa pili, Iria, mwanafunzi wangu, akaniita:
"Mwalimu, huyu korongo ameota mkia shingoni."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Usiku ule nikaanza kuandika kila kitu:
funguo, gesi, leo Jumanne, jina la mume wa dada yangu.

Wakanilaza ndani ya mtambo unaogonga kama fundi bati mwenye hasira.
Picha ikatoka: ubongo wangu, kijivu,
na madoa meupe machache,
kama unyevu ulioanza kuingia nyuma ya plasta.
"Ni virusi?"
"Labda. Au ile miaka kabla ya dawa. Au presha.
Au sigara zako. Au umri, Anselmo, una sitini na mbili."
Nilimpenda kwa ile labda.
Wenye hakika niliwasikia mwaka tisini na tatu:
walimpa Valdemar miezi sita, akaishi tisa,
na ile mitatu ya nyongeza
aliniita kwa jina la kaka yake.

Mimi niliziwahi dawa. Yeye hakuziwahi.
Ni dawa za kufubaza, na kila asubuhi nikimeza kidonge
najiuliza, kati yetu wawili,
mimi na mpangaji wangu asiyelipa kodi,
ni nani anayefubaa.

"Haya, Anselmo. Yale maneno."
Koti. Mto. Manjano.
Parachichi.
La tano halipo. Wala halikujificha:
pale lilipokuwa pana ukuta mtupu, chokaa safi,
hata alama ya gundi hakuna.
"Si kitu," anasema,
akiandika kitu.

Jioni narudi kanisani kufuata koti
(koti nilikumbuka kulitaja, si kulivaa).
Iria yuko juu, taa kichwani,
amempa korongo shingo yake.
"Mwalimu, nishikie hapo chini, inacheza."
Nashika miguu miwili ya mbao, iliyolainika
kwa viganja vyangu mwenyewe, miaka yote ile,
na mkono unajua kabla ya kinywa.

Nampigia Daktari. Saa kumi na mbili na nusu, wamefunga.
Mashine inaniomba jina, tarehe ya kuzaliwa,
sababu ya kupiga simu.
Nasema neno moja tu, nakata.

"Umesemaje?" anauliza Iria toka juu.
"Hakuna. Endelea. Usitazame chini."