Pedi ya Ndani

Ilianza kuvuta kushoto kwenye mteremko wa Ntyuka,
kidogo tu, kama mbuzi aliyeona jani.
Nikarudisha usukani, nikasema ni upepo.
Dodoma upepo haukosi lawama.

Wiki ya pili ikaanza kulia.
Si mlio wa filimbi. Ni wa mtu anayekwangua ukoko
chini ya sufuria, usiku, wenzake wamelala.
Nyuma nina kreti thelathini za zabibu za Mpunguzi,
na kila tuta nalikanyagia breki
kabla halijaonekana.

Fundi Ndahani wa Kizota hakuniuliza kitu.
Alipiga jeki, akafungua nati sita,
akazitia ndani ya kofia yake zisipotelee mchangani.
Kisha akanikabidhi pedi mbili za gurudumu moja,
moja kila kiganja.

Ya nje: nene, namba ya kiwandani bado inasomeka.
Ya ndani: chuma kitupu, kimeiva rangi ya bluu,
na diski yake imechimbika mifereji.
"Zilifungwa siku moja," nikasema.
"Siku moja, ndiyo. Kazi si moja."

Akaigonga pini ya kalipa kwa nyundo ndogo.
Kimya.
Mpira wake umepasuka tangu sijui kiangazi gani,
vumbi jekundu likaingia, likainywa grisi yote.
Pini ikikwama, akasema, kalipa haitembei;
pistoni inaisukuma ya ndani peke yake,
ya nje inasindikiza.

Inasindikiza.
Neno hilo nikalibeba kwa bodaboda mpaka Majengo.

Sadallah akanipangia mezani.
Boksi la elfu kumi na nane, lina picha ya tai
na jina la kampuni limekosewa herufi.
Za mtumba, zimefungwa kwa waya, "za Dubai hizi, dada,
zimetolewa kwenye gari zima."
Na boksi la kijivu, halina picha, elfu sabini na tano.
Nikaishika ya mtumba, nikaipima kwa kucha.
Suruali ya mtumba navaa, wala siulizi.
Breki ya mtumba nataka nijue
mara ya mwisho ilimsimamisha nani, na kama alisimama.

"Niuzie moja tu. Ya ndani, ya kushoto."
Akacheka hadi akaegemea rafu.
Haziuzwi hivyo. Hata kulia utabadilisha,
kushoto mpya na kulia kuukuu
gari litakuvuta upande wa pili.
Nikahesabu noti za wiki nzima,
nikaongeza za pini, mipira, na kifuko cha grisi
kidogo kama cha chumvi.

Mama yuko kwangu mwaka wa tatu.
Vidonge vyake nimevipanga kwenye trei ya mayai.
Chipanha yuko Iyumbu, kilomita chache,
hupiga simu kila Jumapili:
"Dada, tuko pamoja."
Nami hujibu, "Tuko pamoja," naendelea kufua shuka.
Hajawahi kukataa kitu.
Sijawahi kumwomba.

Diski ikachongwa, pini zikapakwa, zikateleza kwa kidole.
Nikiwa nimekaa juu ya tairi nikampigia.
Ilikuwa Jumanne, akapokea kwa hofu.
"Alhamisi mama ana kliniki. Mimi nina mzigo."
Nikasikia redio yake, nikasikia mlango.
"Saa ngapi?"
Hilo tu.

Ndahani akaniagiza nisikanyage kwa hasira siku za kwanza,
nishike na kuachia, nishike na kuachia,
mpaka pedi na diski zizoeane.
Akaokota ile ya nje, nene, ya zamani.
"Hii nitupe?"
Nikaichukua. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.
Nimeiweka kwenye droo ya gari, pamoja na kadi ya bima.
Haikuwa na ubovu wowote.