Bure

Filamu ilitoka saa sita usiku, bure,
hakuna tiketi, hakuna kujisajili,
na sisi wa mtaa wa juu, bonde la Jiu,
tukatundika shuka la Aurica ukutani mwa kantini
iliyofungwa mwaka uleule uliofungwa mgodi.
Kila mtu alikuja na kiti chake.
Theluji ilidondoka kama mtu asiye na pa kwenda.

Miaka mitatu yule kijana wa Bukaresti, Horațiu,
alikunywa kahawa yetu, akala kabichi yetu,
akasema: safari hii majina yatatajwa.
Mama akamtolea bati la biskuti.
Ndani mna risiti, na namba za malori kumi na saba
yaliyohamisha mashine zetu usiku,
namba alizoziandika kwa penseli
akiwa dirishani na gauni la kulalia, taa kaizima,
akazitunza kuliko pete ya ndoa.

Filamu ikaanza angani.
Kamera ikavuma kama nyuki juu ya bonde,
ikapanda, ikashuka, ikapanda tena,
na fidla ikalia kwa niaba yetu.
Dakika ya tisa tulikuwa bado hatujatua.
"Ile si nyumba ya Traian?"
"Ndiyo. Paa lake."

Naibu waziri akapewa dakika kumi na moja
na glasi ya maji.
Akasema changamoto. Akasema kipindi cha mpito.
Akasema makosa yalifanyika,
utadhani makosa ni uyoga, huota yenyewe mvua ikinyesha.
Hakuna aliyemuuliza: na nani?
Petrică, aliyeacha vidole viwili kule chini,
alikuwa akihesabu kila "sisi sote" ya mheshimiwa
mpaka vidole vikamwishia.

Mama alipewa sekunde nne.
Uso haukuonekana. Mikono tu, ikimenya viazi.
Na bati lilikuwepo, msiseme halikuwepo,
pale mezani, limefungwa, limepangwa vizuri
karibu na chupa ya maua
ambayo si yetu.

Majina ya waliosaidia yakapita mbio.
Mtu akakohoa. Mtoto wa Sabina akauliza
kama sasa ndiyo inaanza.
"Ni bure," akasema Aurica, akikunja shuka lake,
na hakuna aliyemuuliza kwa maana ipi.

Nyumbani mama akaniambia: fungua simu,
rudisha pale penye viazi.
Nikadhani anataka kujiona mikono.
"Hapana. Nyuma. Dirishani."
Nikakuza picha mpaka ikawa chenga.
Nje, kwenye theluji ya mwaka juzi,
mbwa wetu Bursuc, aliyekufa masika,
anakatiza uani, mkia chini, hageuki,
kama mwenye miadi.

"Saa nane hiyo," akasema mama.
"Anakwenda getini kumpokea baba yako."

Tukaitazama tena. Kisha tena.
Horațiu hakujua kwamba ameipata.