Ratiba ya Darini

Saa kumi na moja kasoro robo. Giza bado limelala
juu ya mto Labe na halina haraka ya kuondoka.
Nachemsha kahawa. Nampima baba sukari,
nampangia vidonge, cheupe, cheupe, cha manjano,
kwenye kisanduku chenye vyumba saba.

Kazi yangu ni damu za watu:
wanane asubuhi, wanane mchana,
mashine huzisafisha kwa saa nne,
nami napita kitanda hadi kitanda nikisikiliza vilio vyake.
Nikirudi, viazi. Nikirudi, nguo.
Nikirudi, bili ya gesi, bomba linalodondoka,
na simu ya dada yangu Zdena kutoka Brno,
ajuaye kila kinachopaswa kufanywa
isipokuwa siku ya kuja kukifanya.

Halafu kuna ngazi.
Vidato kumi na vinne vya mbao kwenda darini,
cha sita hulia.

Huko juu nina nchi
yenye upana wa mlango mmoja wa banda la kuku,
mlango wa bibi, niliouweka juu ya miguu ya meza.
Mlima ni magazeti na gundi ya unga.
Msitu ni sifongo la kuoshea vyombo.
Saa ya kanisa niliichora: ni saa nne daima.
Abiria ni kumi na mmoja, mmoja kakatika mguu,
nimemketisha kwenye benchi, wala hamna ajuaye.
Mataruma niliyakata mwenyewe, njiti kwa njiti,
majira mawili ya baridi,
Radovan, alipokuwa bado mume wangu,
akiyahesabu kwa sauti ya mtu anayedai.

"Muda wa hayo unautoa wapi?" huniuliza kazini.
Siutoi popote. Nauiba.
Mashine ya kufulia ikianza kuzunguka napanda;
nimejifunza kuisikiliza kupitia sakafu mbili:
ikisuuza, bado safari mbili;
ikikamua, rudisha mabehewa stesheni.

Na zipo wiki ambazo hata wizi haupatikani.
Vumbi hushuka relini, treni hushtuka, hukwama mdomoni mwa handaki,
nami naona haya mbele ya watu wa plastiki
waliosimama jukwaani tangu Jumapili.

Mwezi wa pili, wakati wa mafua,
wauguzi watatu walilala, nikabeba zamu zao.
Nikasema: basi, imetosha.
Nikampigia mtu wa Teplice. Tukapatana bei.
Angekuja Jumamosi na gari lake.

Ijumaa jioni niko jikoni, namenya karoti,
mara ngo! ngo! ngo!
Baba, chumbani kwake chini ya dari,
anagonga juu kwa fimbo.
Baba, miaka thelathini na minane kwenye kibanda cha ishara
karibu na mpaka,
baba ambaye sasa huniita kwa jina la mama,
na siku mbaya huniita "wewe dada".
Macho ameyakaza kwenye saa ya ukutani.
"Ya saa moja na dakika kumi," akasema,
"leo siku ya nane haijapita.
Nani yuko zamu?"

Mimi na karoti yangu mlangoni.
Miaka yote hiyo nilidhani nakwenda peke yangu.

"Ni mimi, baba."

"Basi ipitishe."

Supu ilikauka, sufuria nikaitupa.
Mtu wa Teplice nilimwambia njia iko kwenye matengenezo,
hatujui itafunguliwa lini.

Usidhani mambo yamenyooka. Bomba bado linadondoka.
Jana nguo zimelala mbichi ndani ya mashine hadi zikanuka,
na Zdena kapiga simu mara mbili, sikupokea.
Lakini ikikaribia saa moja na dakika kumi
nafuta mikono kwenye aproni, napanda,
na nikikanyaga kile kidato cha sita, kikilia,
fimbo hugonga mara moja tu, polepole.
Kwa lugha ya kibandani maana yake
njia nyeupe.